Uchunguzi Huanzia Ukutani: Matunzo ya Vyombo vya Umeme kati ya Magogoni na Kariakoo

Chombo cha umeme kinapoharibika katika nyumba ya katikati ya Dar es Salaam, lawama huelekezwa kwanza kwenye chombo chenyewe, kisha kwa mwenye duka la Kariakoo aliyekiuza, na mara chache sana kwenye soketi, waya, vumbi au hewa ya chumba kilimokaa. Mpangilio huo wa lawama unaeleweka, lakini aghalabu huwa kinyume cha ukweli, kwa kuwa hitilafu nyingi za pasi, birika, feni na jokofu hazianzii ndani ya mashine bali nje yake: kwenye plagi iliyolegea, kwenye waya uliokatika ndani kwa ndani huku ganda lake likionekana zima, kwenye kichujio kilichoziba, au kwenye umeme uliorudi kwa kishindo baada ya kukatika. Kwa sababu hiyo uchunguzi unaofaa huanzia ukutani na kuelekea kwenye mashine, na mwenye nyumba asiyejua ufundi wowote anaweza kuifanya nusu yake kwa macho, pua na mkono mkavu, almuradi ajue ni wapi nusu yake inapokoma.

Eneo linaloanzia Magogoni, kwenye lango la bandari ambapo kivuko huvusha watu kwenda Kigamboni, likapita Soko la Samaki la Feri na majengo ya ofisi ya Kivukoni hadi kufika Kariakoo, ni eneo gumu kwa vyombo vya umeme. Upepo wa bahari, uwe wa kusi au wa kaskazi, hubeba chembe ndogo za chumvi zinazotua juu ya kila kitu, na chumvi ina tabia ya kunyonya unyevu, hivyo kwamba chuma hubaki na utando wa maji ya chumvi hata siku isiyo na mvua. Utando huo huzaa kutu kwenye chuma, na kwenye shaba ya nyaya na vishikizo vya soketi huzaa ukoko wa kijani unaozuia umeme kupita vizuri. Kizuizi hicho huitwa ukinzani, na umeme unapolazimishwa kupita kwenye ukinzani hugeuka joto. Ndiyo maana plagi iliyoshika ukoko huwa ya moto hata pale ambapo chombo kilichochomekwa ni kizima kabisa.

Kariakoo iko mbali kidogo na maji, lakini ina adui wake mwingine, yaani vumbi la soko na msongamano wa matumizi. Nyumba za Kiswahili zilizosalia, zenye ukumbi katikati na vyumba pande mbili, hukodishwa chumba kwa chumba, na wapangaji wengi hutumia mita moja ya LUKU, mfumo wa Lipa Umeme Kadri Utumiavyo ambao humfanya kila mpangaji ahesabu yuniti za mwenzake kwa jicho la pembeni. Ugomvi kuhusu nani anayemaliza umeme hujulikana sana. Ugomvi kuhusu waya mmoja mwembamba unaobeba mzigo wa vyumba sita husikika kwa nadra, ingawa ndio ungefaa zaidi.

Nyaya zenyewe ni za vizazi mbalimbali. Umeme ulianza kutolewa Dar es Salaam mwaka 1908 katika zama za Wajerumani. Mwaka 1931, chini ya Waingereza, huduma ilikabidhiwa kwa makampuni binafsi. Mwaka 1964 serikali ikashika hatamu, na tangu mwaka 1968 shirika la umeme linajulikana kwa jina la TANESCO katika maana yake ya sasa ya Tanzania. Historia hiyo ina athari ya moja kwa moja kwa mtu anayefungua plagi leo, kwa sababu majengo ya zamani ya katikati ya jiji yana nyaya za rangi za mfumo wa kale wa Kiingereza, ambapo nyekundu ni waya wa moto, nyeusi ni nyutro na kijani ni ethi, ilhali vyombo vipya huja na rangi ya kahawia kwa waya wa moto, buluu kwa nyutro, na kijani chenye mstari wa njano kwa ethi. Waya wa moto ndio unaoleta umeme, nyutro huurudisha, na ethi haina kazi siku za kawaida: hukaa ikisubiri siku ambayo umeme utavuja na kugusa ganda la chuma, ili iupeleke ardhini badala ya kuuacha upite kwenye mwili wa mtu.

Plagi inayotumika Tanzania, yenye pini tatu za mstatili, inatokana na kiwango cha Uingereza cha mwaka 1947, na umbo lake lina akili kuliko wengi wanavyodhani. Pini ya juu, ambayo ni ya ethi, ni ndefu kuliko nyingine, na inapoingia husukuma vifuniko vidogo vilivyoziba matundu mawili ya chini, hivyo kwamba mtoto hawezi kuingiza msumari kirahisi. Ndani ya plagi kuna fyuzi, kipande cha waya mwembamba ndani ya kichupa cha kauri, kinachokatika pale umeme unapozidi kiwango. Ustadi wote huo hubatilishwa na kalamu. Vyombo vingi vinavyouzwa Kariakoo huja na plagi ya pini mbili za mviringo, na mazoea yaliyoenea ni kuingiza kalamu au kijiti kwenye tundu la ethi ili vifuniko vifunguke, kisha kuzisukuma pini mbili kwa nguvu. Chombo huwaka, lakini hakina ethi, hakina fyuzi kwenye plagi, na pini zake za mviringo hushikwa kwa ncha tu na vishikizo vilivyotengenezwa kwa ajili ya pini za mstatili, jambo linaloleta cheche na joto. Dawa yake ni kubadilisha plagi, kazi ya dakika chache. Au, kwa uchache, kutumia adapta imara yenye fyuzi yake. Hata hivyo, ieleweke kwamba kuufungia plagi ya pini tatu waya wenye nyuzi mbili tu hakuleti ethi ambayo haikuwapo.

Fyuzi nazo zina hesabu yake. Kwa feni, redio, taa ya mezani na vyombo vingine visivyozidi takribani wati 700, fyuzi ya ampea 3 inatosha. Kwa pasi, birika na majiko hutakiwa ya ampea 13. Jokofu, ambalo mota yake huvuta umeme mwingi kwa muda mfupi wakati wa kuanza, lifuate kile kilichoandikwa na mtengenezaji. Fyuzi iliyokatika mara moja inaweza kuwa imechoka, lakini iliyokatika mara mbili inatoa ushahidi kwamba kuna shoti, yaani waya wa moto umegusana na nyutro au na ganda, na mtu anayeizungushia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara ili umeme uendelee kupita amemnyamazisha shahidi bila kuondoa kosa.

Hesabu nyingine ya lazima ni ya ekstensheni. Volti 230 zikizidishwa kwa ampea 13 hutoa wati 2,990, na huo ndio mwisho wa uwezo wa ekstensheni nzuri, hata kama ina matundu sita. Birika la wati 2,000 na pasi ya wati 1,200 vikichomekwa pamoja tayari vimevuka mpaka, na ekstensheni ya bei ya chini yenye nyuzi nyembamba huanza kuyeyuka kabla ya kufika huko. Dalili ya kwanza huwa ni joto linalosikika mkononi, ya pili ni plastiki kubadilika rangi kuwa ya hudhurungi kuzunguka tundu, na ya tatu ni harufu. Baadhi ya plastiki za soketi na plagi zikipata moto kupita kiasi hutoa harufu inayofanana sana na ya samaki, jambo ambalo mkazi wa jirani na Feri anaweza kulipuuza kwa urahisi wa kusikitisha.

Baada ya ukuta kuna umeme wenyewe. Migao ya mwaka 2006 na 2011, iliyotokana na ukame uliopunguza maji kwenye mabwawa, iliwafundisha wakazi wa jiji kuishi na jenereta. Mradi wa Julius Nyerere kwenye mto Rufiji, wenye uwezo uliosanifiwa wa megawati 2,115, ulianza kuzalisha mwaka 2024 na kupunguza uhaba huo, lakini wingi wa umeme bwawani si sawa na utulivu wa volti chumbani. Umeme unapokatika na kurudi, mota zote za mtaa huamka kwa pamoja, volti hushuka, hupanda, kisha hutulia, na katika sekunde hizo chache ndimo vyombo vinamoungulia. Umeme mdogo ni hatari kwa jokofu kama ulivyo mkubwa, kwa kuwa mota isiyopata volti za kutosha hushindwa kuzunguka lakini huendelea kuvuta umeme, ikijipika yenyewe.

Vifaa viwili vya kinga huuzwa na mara nyingi huchanganywa. Friji gadi haibadilishi umeme; hukata tu pale volti zinapokuwa chini au juu ya mipaka salama, kisha husubiri dakika kadhaa kabla ya kuruhusu umeme upite tena. Stabilaiza, kwa upande wake, hujaribu kuzirekebisha volti ili zikaribie 230, na ni ghali na nzito zaidi. Kwa nyumba ambayo umeme wake hukatika na kurudi lakini kwa kawaida ni wa kutosha, friji gadi inatosha kabisa. Stabilaiza inahitajika pale ambapo taa hufifia kila jioni. Asiye na chochote kati ya hivyo anaweza kufanya kazi ya friji gadi kwa mkono wake, kwa kuchomoa jokofu mara umeme unapokatika na kulichomeka tena dakika tano baada ya umeme kurudi.

Dakika hizo tano zina sababu, na sababu hiyo ndiyo mlango wa kulielewa jokofu lenyewe. Jokofu halitengenezi baridi. Huhamisha joto kutoka ndani kwenda nje kwa kutumia gesi inayozungushwa ndani ya mabomba na kompresa, ile pampu nyeusi iliyoko chini nyuma. Gesi inapopanuka ndani ya jokofu hunyonya joto, na inaposhindiliwa upande wa nyuma hulitoa joto hilo kwenye mabomba membamba yaliyopangwa kama wavu, au yaliyofichwa ndani ya kuta za pembeni katika majokofu ya kisasa. Kompresa ikisimama, upande mmoja wa mfumo hubaki na shinikizo kubwa na mwingine dogo, na huhitaji muda ili pande hizo zilingane. Ikiamshwa kabla ya hapo hulazimika kusukuma dhidi ya shinikizo, hukwama, hunguruma, hupata moto, kisha kifaa chake cha kinga huikata kwa mlio mdogo wa «tik».

Kutokana na maelezo hayo, matunzo ya jokofu yanajieleza. Ikiwa kazi yake ni kutoa joto, basi lisibanwe ukutani, lisifunikwe vitambaa vya mapambo kwa nyuma na ubavuni, na lisipangiwe katoni za bidhaa, kama inavyoonekana katika maduka mengi ya vinywaji ya Kariakoo. Nafasi ya sentimita 10 nyuma yake ni ya thamani kuliko katoni yoyote. Wavu wa nyuma ufutwe vumbi kwa brashi laini kila baada ya miezi michache, jokofu likiwa limechomolewa. Kwa wanaoishi karibu na bahari, wavu huo na miguu ya jokofu vifutwe pia kwa kitambaa chenye maji yasiyo na chumvi na kukaushwa, na jokofu liinuliwe kidogo kutoka sakafuni, kwa kuwa maji ya kupigia deki yanayobaki chini yake huanza kula bati mahali ambapo jicho halifiki.

Mpira wa mlango ndio sehemu inayopuuzwa kuliko zote, ingawa kuupima ni rahisi: noti ya shilingi elfu moja huwekwa kati ya mpira na fremu, mlango hufungwa, kisha noti huvutwa taratibu. Ikitoka bila kizuizi chochote, hapo ndipo hewa ya joto na unyevu ya Dar es Salaam inapoingilia, ikageuka barafu kwenye friza na kuifanya kompresa ifanye kazi usiku kucha. Mara nyingi mpira si mbovu bali ni mchafu, umeganda kwa sharubati na mafuta ya mkono, na hurudi katika hali yake kwa maji ya vuguvugu na sabuni. Uliojikunja unaweza kunyooshwa kwa kitambaa chenye maji ya moto, na uliochanika hubadilishwa.

Barafu yenyewe isigushwe kwa kisu. Katika majokofu ya aina ya kawaida, mabomba ya gesi hupita nyuma ya bati jembamba la friza, na ncha ya kisu inayotafuta kubandua pande la samaki huweza kulitoboa bati hilo kwa pigo moja. Gesi hutoka kwa sauti ya kuvuma, na matengenezo yake hugharimu sehemu kubwa ya bei ya jokofu lililotumika. Njia salama ni kulizima jokofu na kuacha mlango wazi, na kwa mwenye haraka, kuweka sufuria ya maji ya moto ndani ya friza. Maji yanayojikusanya chini ya droo za mboga si dalili ya gesi kuisha; kwa kawaida ni tundu dogo la kutolea maji, lililo nyuma kwa ndani, ambalo limezibwa na uchafu, na huzibuliwa kwa mrija laini na maji ya vuguvugu.

Jokofu linalozunguka bila kupumzika na bado halipoi lichunguzwe kwa mfuatano huohuo: mpira, vumbi, nafasi, barafu, kisha mipangilio ya baridi, ambayo kwa chakula inafaa iwe karibu nyuzi joto 4 kwenye jokofu na 18 chini ya sifuri kwenye friza. Yote hayo yakiwa sawa, ndipo neno «gesi» liruhusiwe kutajwa.

Kuna malalamiko mengine ya jokofu ambayo hayafai kabisa kuchukuliwa kimzaha, nayo ni kwamba linapiga shoti. Mtu asiye na viatu, akiwa amesimama juu ya sakafu ya saruji, hugusa mpini na kusikia mtekenyo, naye akivaa kandambili hausikii. Nyumba nyingi zimelitatua tatizo hilo kwa kuweka kandambili au kipande cha zulia mbele ya jokofu. Kilichotokea ni kwamba umeme unavuja kwenye ganda, ethi haipo au imekatika, na mwili wa mtu umekuwa ndiyo njia pekee ya kwenda ardhini. Siku mkono utakapokuwa umelowa, mtekenyo utakuwa kitu kingine. Chombo cha namna hiyo kichomolewe mara moja, na nyumba ipimwe ethi na fundi anayetambulika. Katika nyumba zinazowekewa nyaya upya inafaa kudai pia swichi ya kinga inayohisi uvujaji wa umeme, ambayo hukata pale uvujaji unapofika miliampea 30 tu, kiasi ambacho fyuzi ya kawaida haiwezi hata kukitambua.

Kiyoyozi ni ndugu wa jokofu, kwani hufanya kazi kwa kanuni ileile, na malalamiko yake makuu mawili, yaani kutopoza na kudondosha maji chumbani, mara nyingi hutokana na vichujio vya mbele kujaa vumbi na bomba la kutolea maji kuziba. Vichujio hutolewa kwa mkono, huoshwa kwa maji na kukaushwa kivulini, na kwa hewa ya Kariakoo kazi hiyo ni ya kila mwezi. Sehemu ya nje, hasa kwenye majengo yanayotazama bahari kuanzia Magogoni hadi Kivukoni, huliwa na chumvi kwenye mapezi yake ya alumini, na kumwagiwa maji baridi yasiyo na shinikizo kubwa mara chache kwa mwaka, umeme ukiwa umezimwa, huirefushia maisha.

Feni, iwe ya mezani au pangaboi la darini, ina magonjwa mawili makubwa. Inayonguruma bila kuzunguka, na inayoanza ikisukumwa kwa kijiti, au ile iliyopunguza kasi mwaka hadi mwaka, kwa kawaida ina kapasita iliyochoka. Kapasita ni kifaa kidogo kinachohifadhi chaji na kuipa mota msukumo wa kuanza kuzunguka, na bei yake ni ndogo mno ikilinganishwa na feni mpya. Sharti kapasita mpya iwe na kipimo kilekile cha mikrofaradi kilichoandikwa kwenye ya zamani. Feni ambayo ni nzito hata ikizungushwa kwa mkono ikiwa imezimwa ina tatizo la pili: bushi zake zimekauka, au nywele na nyuzi zimejisokota kwenye mhimili. Tone la mafuta ya cherehani huiponya. Mafuta ya kupikia, ambayo hutumiwa na wengi, huganda na vumbi baada ya muda na kuifunga kabisa.

Pasi na birika havina mengi ndani yake zaidi ya elementi, yaani koili inayogeuza umeme kuwa joto, na themostati inayokata umeme joto likifika kiwango. Pasi isiyowaka ichunguzwe kwanza shingoni, mahali waya unapoingilia, kwa sababu huko ndiko unakopindishwa kila siku. Ikiwaka na kuzimika waya unapochezwa, jibu limepatikana, na mchezo huo usirudiwe. Kuuzungusha waya kwenye pasi ambayo bado ni ya moto ndicho chanzo kikuu cha maradhi hayo. Birika huteswa na maji ya visima yenye chumvi na madini, ambayo nyumba nyingi za jiji huyatumia pale maji ya bomba ya mamlaka ya DAWASA yanapokatika: ukoko mweupe hujengeka juu ya elementi, huzuia joto kuyafikia maji, na birika huchelewa kuchemka huku yuniti zikiteketea. Ndimu mbili au siki kidogo katika maji, yakachemshwa na kuachwa kwa saa moja, huyeyusha ukoko huo, kwa kuwa asidi hupambana na chokaa. Ama ile hita ya kuchovya kwenye ndoo, inayouzwa kwa bei ya chipsi mayai na soda, maoni ya mwandishi yeyote makini hayawezi kuwa ya upole: ni umeme na maji vikitenganishwa na bomba jembamba linaloliwa na chumvi hiyohiyo, na hakuna usafishaji unaoifanya iwe salama.

Sufuria la umeme la kupikia wali lastahili maelezo zaidi kwa sababu linaonekana kuwa na akili. Chini yake katikati kuna sumaku iliyobanwa na springi, na sumaku hiyo ni ya aina inayopoteza nguvu ikipita kidogo nyuzi joto 100. Maji yakiwamo, joto haliwezi kuzidi kiwango cha kuchemka. Wali unapoyanywa maji yote, joto hupanda ghafla, sumaku huachia, na swichi hufyatuka. Hivyo punje moja ya mchele iliyodondoka kati ya sufuria na bamba la joto inatosha kuiharibu hesabu nzima, na wali ukatoka mbichi au ukaungua. Bamba hilo lifutwe kila siku, na nje ya sufuria pakaushwe kabla ya kuliweka. Majiko ya umeme ya presha, ambayo yanaenea tangu kuzinduliwa kwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, yana sharti moja la ziada: valvu ya kutolea mvuke na mpira wa kifuniko vioshwe kila baada ya maharage, kwa kuwa maganda yake huziba tundu ambalo usalama wote wa jiko unalitegemea.

Kwa mashine ya kufulia, kabla ya kuamini kwamba pampu imekufa, kifunguliwe kichujio kidogo cha mbele chini, ambamo sarafu, vifungo na soksi za watoto hupatikana. Televisheni, ziwe bapa au zile za chogo zilizobaki vibandani, hufutwa kwa kitambaa kikavu, na katika mvua za masika na vuli huchomolewa pamoja na waya wa antena. Hapa pia ndipo nusu ya mwenye nyumba inapokoma. Televisheni ya chogo huweza kubaki na maelfu ya volti baada ya kuchomolewa, na kapasita ya maikrowevu hubeba takribani volti 2,000 zinazoua. Vyombo hivi viwili havifunguliwi nyumbani, hata na mtu mwenye testa na ujasiri.

Kundi la vyombo vinavyoangamia siku ya kwanza ni vile vilivyoletwa kutoka Marekani au Japani, vikiwa vipya au vilivyotumika, vilivyosanifiwa kwa volti 120 au 100. Kwa vyombo vya joto nguvu huongezeka kwa mraba wa volti, hivyo pasi ya Kijapani kwenye soketi ya Kariakoo hupokea zaidi ya mara tano ya nguvu iliyokusudiwa, na huungua kabla mnunuzi hajamaliza kuisifu. Kibandiko cha nyuma kilichoandikwa 220–240 ndicho kinachofaa. Kilichoandikwa 100–240, kama ilivyo kwenye chaja nyingi, kinafaa kote.

Fundi atakayeitwa baada ya hapo hutegemea aina ya kazi. Nyaya za ndani ya nyumba ni za mtu mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia huduma za nishati na maji. Mita ya LUKU na kila kilicho kabla yake ni vya TANESCO, na lakiri yake haifunguliwi na mwingine yeyote. Vyombo vyenyewe hutengenezwa na mafundi wa karakana na wale wa mezani, baadhi yao wakiwa wamepitia vyuo vya ufundi vya VETA na wengine wakiwa wamejifunza kwa kukaa na fundi mzee, na si haki kusema kwamba cheti peke yake hutofautisha wazuri na wabaya. Kinachotofautisha ni utaratibu: fundi mzuri huuliza umeme ulikatika lini, husikiliza, hupima kwa multimita kabla ya kufungua, na hurudisha kipuri cha zamani mkononi mwa mteja. Mteja naye adai risiti, kwa sababu malalamiko kuhusu kipuri bandia mbele ya Tume ya Ushindani, yaani FCC, huwa mepesi yakiwa na karatasi.

Kwa jokofu lililoishiwa gesi swali la kumuuliza fundi ni moja: tundu liko wapi? Gesi haitumiki ikaisha kama petroli. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na ikipungua imevujia mahali fulani, hivyo kujaza bila kutafuta pale ilipotokea ni kununua gesi ya wiki chache. Majokofu ya zamani yalitumia R12, iliyopigwa marufuku chini ya Itifaki ya Montreal kwa sababu ya kuharibu tabaka la ozoni, na nchi zinazoendelea zilipaswa kuacha matumizi yake kufikia mwaka 2010. Yaliyofuata hutumia R134a, na mengi ya sasa R600a, ambayo huwaka moto na haitaki uchomeleaji wa mabomba gesi ikiwa bado imo ndani. Aina hizo hazibadilishani kiholela, na jina la inayohitajika limeandikwa kwenye kibandiko cha kompresa. Jokofu likishatengenezwa lijaribiwe palepale hadi lipoe kweli, kisha lisafirishwe likiwa limesimama. Ikibidi kulilaza kwenye guta hadi nyumbani, liachwe wima bila umeme kwa saa kadhaa, na ikiwezekana usiku mzima, ili mafuta ya kompresa yaliyoingia kwenye mabomba yarudi mahali pake kabla ya kuchomekwa.